Simba wa Mteremkoni

Tela lilipojikunja na lori kulala ubavu, tajiri yangu, Mzee Mwakalobo, alifika polisi kabla kitambi changu hakijachomolewa dirishani.

"Andika alikimbiza gari, afande. Afungwe!" alisema nilipoletwa.

Nikatanguliza kifua, yaani tumbo. "Afande, mimi ni simba wa barabara! Sijawahi kuogopa gari lolote!"

Tajiri akacheka mpaka akashika meza. "Simba, huyu? Kuku ana moyo kumzidi! Mwezi mzima ananililia: 'Bosi, breki za tela hazishiki, nitakufa!' Nikamwambia aendeshe hivyo hivyo, aache kulia kama mtoto!"

Afande akafungua ukurasa mpya. "Mwezi mzima, mzee?"

"Kila asubuhi!"

Nikainamisha kichwa. "Ni kweli, afande. Mimi muoga sana."