Kompyuta ya Kichogo na Kitambaa cha Mama Mkwe

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, hii ya juzijuzi tu, watu walipokwisha kuzitupa kompyuta zenye kichogo, kulikuwa na nyumba moja kule Usangi, na ndani yake kompyuta iliyokufa miaka tisa. Mwenyewe, Mwalimu Mbwambo, mstaafu, akawaita wanawake wa nyumbani kwake. "Jumamosi naiuza chuma chakavu. Atakayeiamsha kabla ya hapo, ni yake."

Mkamwana wake Namsifu moyo ukamruka. Mwoga huyu! Anaogopa umeme, anaogopa radi, na mama mkwe anamwogopa kuliko umeme na radi. Lakini kidato cha nne alimaliza, mtoto yuko mgongoni, na tangu aolewe hajapata kitu cha kusema hiki changu. Akaitaka ile kompyuta, akaitaka mpaka chakula hakishuki.

Siku ya kwanza wakaiwasha. Ikalia pi, pi, pi, kioo cheusi.

"Memori imekufa," akasema wifi yake, Nakijwa. "Nimeshamwona fundi wa stendi akitibu hiyo." Akamkamata jogoo wake, akashuka naye mjini, akarudi bila jogoo ila na memori kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Akafungua sanduku kwa bisibisi, akaisugua meno kwa ufutio wa penseli, akaipachika, ta!

Siku ya pili ikawaka! Vigelegele! Mama mkwe akakirudisha kitambaa chake cheupe cha kufuma, kilekile kilichoifunika miaka yote tisa, akaifunika toka juu mpaka nyuma, maana kwake kitu cha heshima hakikai uchi, hata redio yake ina gauni. Chai haijapoa, ikazima. Wakaiwasha, akaifunika, ikazima. Wakaiwasha, akaifunika, ikazima.

"Jicho la majirani hilo," akasema mama mkwe.

Siku ya tatu, Ijumaa, ikazima tena. Namsifu akapitisha mkono nyuma ya lile sanduku: moto kama sufuria ya makande! Akamkumbuka nesi wa kliniki alivyomfokea, mtoto ana homa nawe unamfunga mablanketi matatu? Mvue! Akakitazama kitambaa. Akamtazama mama mkwe.

"Mama nisamehe, nisamehe mama, lakini hii ina homa, matundu yake ya kupumulia yako nyuma na sisi tumeyaziba, mama usinifukuze..." Na huku anasema, huku anakivuta.

Wakaiwasha tena, bila kitambaa.

Chai ikapoa, kompyuta inawaka. Makande yakaiva, inawaka. Namsifu akavuta kigoda, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, likasimama kiooni halitikisiki. Nyumba ikalipuka! Akacheza na mwanawe mgongoni, analia, anacheka, mwoga yule!

"Haya, niibebe chumbani," akasema.

"Uibebe wapi, wifi?" Nakijwa akashika kiuno. "Jogoo alikuwa wa nani? Bisibisi alishika nani? Kuvua kitambaa nako ni kazi?"

"Kama si kazi, mbona hukukivua wewe?"

Nakijwa akamtupia mama yake jicho la wizi. Kumbe naye anamwogopa mama yake!

Mama mkwe akakikung'uta kitambaa, likatoka vumbi watu wakapiga chafya. "Mmeliona? Vumbi la miaka tisa, lote hili lingekuwa ndani. Mijusi ingetaga humo. Mngeamsha nini, nyie, kiota? Kompyuta ni yangu."

"Lakini mama, ni kitambaa hichohicho kilichoiua jana," akasema Namsifu.

"Na ndicho kilichoilinda mpaka jana, mama," akajibu mama mkwe.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wote watatu wanamtazama, na kompyuta inanguruma mezani, nzima kabisa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mkatieni Mwalimu shauri: aliyeifunika miaka tisa, aliyetoa jogoo akaipa memori, au mwoga aliyethubutu kuivua? Je, iende chumbani kwa nani?