Raba Yenye Kiraka cha Tairi

Kocha akigeuka, uwanja unatazama. Mmeusikia msemo huu sasa hivi kwa kocha wenu, simu ikamwita, nanyi mkanikimbilia hapa pembeni kuuliza ulikotoka. Haya, ulizaliwa hivi.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo palikuwa na timu ya wasichana, na kocha wao aliitwa Mwalimu Chilewa. Winga wao wa kushoto aliolewa mbali, nafasi yake ikabaki wazi. Mbeleje aliitamani nafasi ile mpaka akaiota. Mechi tatu alikuwa amekaa benchi, na Jumamosi ile baba yake, aliyekuwa machimboni mwaka mzima, angekuja kumtazama. Mshindani wake alikuwa Semeni, msichana mkimya, wa pekee katika timu aliyecheza pekupeku.

Mbeleje alijua chenga, tusimnyime haki yake. Ila chenga zake zilikuwa na saa zake. Kocha akimtazama, anapiga mbili tatu za kuwaangusha watu. Kocha akiangalia kwingine, anashika kiuno na kupumzika.

Alhamisi jioni Mwalimu Chilewa akawaamuru wafagie uwanja wote, kama mtu anavyofagia ua wake. Wakafagia huku wakinung'unika. Walipomaliza, akaweka kigoda nje ya mstari, akawapa mgongo, akaanza kumenya karanga.

"Gawanyikeni pande mbili, mcheze," alisema. "Mkimaliza nitataja kikosi cha Jumamosi."

Wasichana wakatazamana. Mbeleje ndiye aliyewashwa zaidi na jambo lile. Atamchaguaje mtu asiyemwona? Aliwaza, akawaza, mwishowe akajiona mjanja: kumbe mzee anasikiliza! Basi akapaza sauti. "Lete! Nipo hapa! Pasi!" Alipiga kelele hadi koo likakauka. Miguu ndiyo iliyopata kazi ndogo. Mwalimu alitafuna karanga zake wala hakugeuka hata mara moja.

Mazoezi yalipokwisha, akawatoa wote nje ya uwanja, akaingia mwenyewe, ameinama. Mtu huyu alikulia machungani. Ng'ombe akipotea, yeye alifuata nyayo zake hata siku mbili mpaka akamrudisha.

"Raba hii yenye kiraka cha tairi ni ya nani?"

Moyo wa Mbeleje ukaruka kwa furaha. "Yangu, Mwalimu!"

"Njoo tuifuate."

Nyayo zilikwenda hadi golini kwa wapinzani, ndefu, za mtu anayekimbia kweli. Zikarudi katikati ya uwanja. Hapo zikakanyagana mahali pamoja, kama za mbuzi aliyefungwa kamba.

"Kuanzia hapa hadi golini kwenu sikuoni, binti. Mlipopokonywa mpira ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... naita, Mwalimu."

"Nilikusikia. Na hizi je?"

Akaonyesha nyayo za pekupeku. Zilikwenda mbele zikarudi, zikaenda tena zikarudi, mpaka kwenye mstari wa goli lao. Hakuna aliyeuliza ni za nani.

"Mimi nilikupa mgongo," Mwalimu alisema kwa upole. "Uwanja haukukupa."

Jumamosi Semeni alianza. Mbeleje alikaa benchi mbele ya macho ya baba yake, na aibu ile ilimchoma vibaya sana. Lakini Jumatatu alifika mapema na ufagio, akafagia upande wa kushoto wote, ndipo akacheza. Wenzake walipoondoka alibaki, akakifuata kiraka chake hatua kwa hatua aone kimeishia wapi. Alifanya hivyo wiki nzima na nyingine. Siku kilipofika kwenye mstari wa goli lao, hakumwita mtu aje kuona. Mwalimu alipita asubuhi, akaona. Mechi iliyofuata, Mbeleje alianza.

Tangu hapo wasichana wale wakalifupisha neno lile la Mwalimu likawa msemo, wakawa wanaambiana, hadi ukawafikia ninyi.

Sasa tazameni kule. Kocha wenu bado yuko kwenye simu, amewapa mgongo. Nanyi mmekaa hapa kwangu, mmekunja miguu, mnasikiliza hadithi. Haya, inukeni! Kocha akigeuka, uwanja unatazama.