Ufa Ulioonekana kwa Chaki

Wapendwa, tulieni kidogo. Na nyinyi wa nyuma kule, simu mfukoni.

Kulikuwa na dereva mmoja aliyerithi lori la zamani kwa baba yake. Injini yake ilikuwa na supachaja, ile mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari livute mzigo mlimani. Kijiji chao kilikuwa juu kabisa, na msimu wa mvua hakuna gari jingine lililofika huko. Sasa injini ikachoka. Moshi mweusi, nguvu hakuna, mlima wa kwanza tu lori linahema. Na viazi vya kijiji kizima vimeshachimbwa, vinangoja.

Akalipeleka kwa fundi mmoja mzee. Mzee akaifungua injini yote, akaitandaza kwenye turubai. Supachaja akaitengeneza, pistoni mpya, ringi mpya. Dereva anapiga miluzi kwa raha. Ndipo mzee akaishika krenki, chuma kile kinene kinachozunguka chini na kubeba nguvu yote ya injini. Akaiosha kwa dizeli, akaipangusa mpaka ikakauka, akaipaka unga wa chaki, hii hii chaki ya shuleni. Akakaa, akangoja. Taratibu, juu ya ule weupe, ukajichora mstari mweusi mwembamba kama unywele. Dizeli iliyojificha ndani ya ufa ilikuwa inatoka yenyewe.

"Unaona, mwanangu? Krenki hii imepasuka. Agiza nyingine mjini, itachukua wiki mbili."

"Wiki mbili! Mzee, viazi vitaoza! Mbona nimetembea nayo miaka yote hii?"

"Umetembea nayo kwa sababu injini ilikuwa dhaifu. Sasa nimeirudishia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo itakayoivunja."

Mnajua dereva alifanya nini? Alinyoosha mkono, akaifuta ile chaki kwa kiganja chake. Akasema, "Haya, ufa uko wapi?"

Jamani! Mzee aliweka spana chini, akasema, "Mimi siifungi injini hii." Basi dereva akamtafuta fundi mwingine, na huyo hakumwambia habari ya ufa. Fundi huyo akafunga injini siku hiyo hiyo.

Lori likanguruma! Watu wakapiga vigelegele, wakaja kuliombea, wakasema injini imezaliwa upya. Siku ya kwanza likashusha viazi na kurudi. Siku ya pili vilevile, na dereva akatamba kwamba yule mzee alitaka kumchelewesha tu. Siku ya tatu, mchana kweupe, likawa linapanda na mifuko ya saruji. Juu ya saruji wamekaa kina mama saba waliotoka sokoni, na mke wake mwenyewe yuko mbele kando yake. Katikati ya mlima krenki ikakatika vipande viwili. Injini ikazima. Breki hazikuweza kuushika ule mzigo, na lori likarudi nyuma, likarudi nyuma, mpaka korongoni.

Dereva alitoka hai. Mke wake hakutoka, wala wanne katika wale saba.

Msibani watu wakaanza maneno yetu yale. "Ni mpango wa Mungu, ndugu yetu. Jikaze." Dereva akasimama mbele ya majeneza matano. Akasema, "Msimsingizie Mungu. Niliuona." Akakaa.

Ndugu zangu, sisi tunapenda sana kuomba nguvu. Nguvu ya huduma, nguvu ya biashara, nguvu ya uongozi. Nani kati yetu ameshawahi kukesha akiomba aonyeshwe alipopasuka? Na siyo kwamba hatujui! Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu anajua kabisa akikasirika anapiga, naye anaomba apewe mke. Mtu anajua ana mkono mrefu, naye anagombea uhazini wa kanisa. Aliyemwonya anamwita mwenye wivu, kisha anakwenda kwa mchungaji mwingine asiyemjua, anawekewa mikono, na sisi tunapiga makofi.

Na wale waliopanda nyuma? Wale kina mama nani aliwaambia? Watoto wako umewaambia wamepanda nini?

Leo sitamwombea mtu nguvu. Msije mbele. Mimi pia nina ufa wangu, wa miaka sita, na nyinyi mmekuwa mkiniambia nina upako. Asubuhi hii nimemwambia mke wangu. Sijui kama atanisamehe, na mnaona wenyewe kiti chake pale mbele kiko wazi. Wewe utamwambia nani, kabla hujapakiwa mzigo mwingine?