Koti Jeusi Juu ya Bati

Mwita kunguru ndiye mpanda paa. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo sasa hivi, mkacheka, kisha mkaniuliza kunguru ametokea wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upareni aliishi mtu aliyeitwa Elinami, mzito wa maneno, asiyejua mzaha. Siku moja binti yake mdogo, Nakijwa, alikuwa akila muhindi wa kuchoma, jino lake la kwanza likang'oka. Alipoona damu alilia kwa hofu, akidhani meno yote yatafuata. Elinami, akitaka anyamaze tu, akamwambia, "Lirushe juu ya paa. Kunguru atalichukua, akuletee jipya."

Nakijwa akafuta machozi, akalirusha. Jino likatua kwenye bati, likabaki pale liking'aa. Kunguru walipita wakienda zao bondeni, hakuna aliyetua. Kesho yake vilevile. Mtoto akafumba mdomo, akakataa uji, akakataa hata ndizi mbivu.

"Kunguru amelikataa," alimwambia mama yake, kiganja mdomoni. "Nitakuwa na pengo mpaka nizeeke."

Mama akamgeukia mumewe. "Baba Nakijwa, mimi sikumwita kunguru."

Elinami aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake jeusi la harusi, akaegemeza ngazi ukutani. Bati likalia chini ya magoti yake. Majirani wakasimama, watoto wakaja mbio. Alipolifikia jino akageuka, na hapo akamwona mama mkwe wake, Bibi Namsifu, anaingia uani na kikapu kichwani.

Mkwe mnamjua ni nani. Mbele ya bibi huyu Elinami hakuwahi hata kukohoa kwa sauti. Akaganda. Angeweza kushuka. Lakini chini pale Nakijwa alikuwa amemkodolea macho, midomo bado ameibana.

Elinami akapanua koti kama mabawa. "Kwaa! Kwaa! Jino tamu hili ni la nani?"

Ua mzima ukamtazama bibi. Bibi akatua kikapu, akapiga kigelegele hadi bonde likaitikia. "Jibu, mjukuu wangu! Kunguru anauliza!"

"Langu!" Nakijwa akaruka, mdomo wazi, pengo nje. "Ni langu mimi! Niletee jipya, na liwe kubwa!"

"Kwaa!" Kunguru akatia jino mfukoni, akapiga mabawa tena na tena, wala hakuna aliyemwomba. Majirani wakapiga makofi.

Nakijwa akavuta kanga ya mama yake. "Mama, kunguru ana miguu ya baba."

"Sema polepole, asije akaruka."

Mtoto akacheka, akaomba uji.

Tangu siku ile, mzazi wa kule akimwahidi mwanawe jambo kisha akaanza kujikuna kichwa, watu hawamgombezi. Wanamwonyesha ngazi tu, wanamwambia: mwita kunguru ndiye mpanda paa.