Makaa ya Shekhe Nufeli

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Kufa, nchi ya Iraki, aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Raita binti Hureithi. Hakuwa na mtu duniani isipokuwa binti yake Lubaba. Kila jioni Lubaba ndiye aliyeufukia moto wa jikoni kwa majivu, ili makaa yalale hai mpaka alfajiri. Zama zile kuwasha moto upya ilikuwa taabu, na mtaa ule ulikuwa na ada yake: aliyezimikiwa alichukua kigae akaenda kwa jirani, na jirani akampalia makaa. Kumnyima mtu moto ilikuwa aibu kama kumnyima maji.

Msimu wa kuvuna tende Lubaba alishikwa na homa, na Mola wake akamchukua. Siku za taazia majirani walileta chakula, kama ilivyo suna, na jiko la wafiwa likapumzika. Watu walipotawanyika, Raita alifukua majivu akakuta makaa yamekufa. Ulikuwa moto wa mwisho uliofukiwa na mkono wa mwanawe. Akayarudishia majivu pale pale, akafunga mlango.

Ikawa hapiki wala hatoki. Alisali, akaketi, akautazama ukuta. Jirani yake Ummu Wahabi, mwanamke msokota nyuzi za sufu mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, alimpelekea uji mara kwa mara, na mara nyingi aliukuta wa jana haujaguswa.

"Raita, unajiua," alimwambia.

"Sijiui, dada yangu. Sina njaa tu."

Wanawake walimkumbusha malipo ya wenye kusubiri. Imamu wa mtaa alimtumia maneno mazuri. Aliyasikiliza yote kwa adabu, na alizidi kukonda, mpaka Ummu Wahabi akaanza kusema pembeni kwamba sanda nyingine iandaliwe mapema.

Basi ukuta kwa ukuta na nyumba ile aliishi mzee mmoja aitwaye Shekhe Nufeli. Alikuwa amemuahidi Mola wake tangu ujanani kwamba hatamwomba kiumbe kitu chochote kwa ajili ya nafsi yake, na watu wote wa Kufa waliijua ahadi ile. Fimbo yake ikianguka, aliinama mwenyewe kuiokota na mgongo wake ukiuma. Wazazi walimtolea mfano kwa watoto wao. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, mzee huyu alisimama mlangoni kwa Raita, kigae mkononi.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Nipalie moto."

Raita alifungua kidogo tu. "Waalaykumu salamu. Mzee wangu, jiko langu limezimika."

"Basi nitakuja kesho," akasema, akaenda zake.

Kesho yake akaja.

"Baba, nilikwambia sina moto. Mtaa mzima unafuka moshi."

"Naona moshi. Lakini ukuta wangu umeegemea wako, na haki ya ujirani huanzia ukutani. Nitakuja kesho."

Raita aliona haya. Kumrudisha mzee mikono mitupu tena na tena, naye ni mtu ambaye hakuwahi kumwomba yeyote, kulimlemea kuliko njaa. Akaenda kwa Ummu Wahabi kuomba kaa moja, akarudi nalo nyumbani. Akapiga magoti mbele ya yale majivu, akalia kwa muda mrefu. Kisha akayazoa kwa mikono yake, akayaweka katika chungu kidogo na kukifunika, akawasha moto.

Shekhe Nufeli alipokuja alikuta makaa mekundu. Akayapokea kwa kigae chake, akasema, "Mwenyezi Mungu akukinge na Moto, kama ulivyonipa moto," akaondoka.

Na kwa kuwa kuni zilikuwa zinawaka bure, Raita akateleka dengu. Na kwa kuwa zilikwishaiva, akala kidogo. Kesho yake Shekhe akaja tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Majirani walipouona moshi wakaanza kuja na vigae vyao, na mwanamke aliyekuja kuchukua moto hakuondoka bila kuketi kidogo. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga asiyenyonya, Raita akamwonyesha namna ya kumshika. Siku ile, alipofunga mlango, aligundua kwamba tangu adhuhuri hakuwa ameutazama ukuta.

Lakini mji haukunyamaza. Barazani na msikitini watu walimcheka Shekhe.

"Yule aliyekuwa haombi hata maji ya udhu," alisema Ummu Wahabi, "leo anabisha milango ya wajane akitaka makaa. Uzee humvua mtu nguo sokoni."

Waliokuwa wakikaa karibu naye baada ya sala wakapungua, na wazazi wakaacha kumtaja kwa watoto wao. Yeye aliyasikia yote, na kila Alasiri akaja na kigae chake.

Siku moja Raita alishindwa kujizuia. Akamuuliza huku akimpalia:

"Shekhe, watu wanasema ulikuwa huombi mtu kitu."

"Wanasema kweli."

"Sasa imekuwaje?"

Mzee aliyatazama makaa kigaeni. "Kuna kitu, mwanangu, nilikipenda kuliko nilivyodhani. Nikaona bora nikitoe kabla sijafa."

Raita hakuelewa. Alidhani ni maneno ya uzee, akamwekea kipande cha mkate juu ya kigae.

Baridi ikaingia. Alasiri moja Shekhe hakuja. Raita aliyachagua makaa mazuri, akayafunika majivu yasipoe, akangoja. Jua lilipoanza kuzama akabeba kigae mwenyewe, akaufuata ukuta mpaka mlangoni kwa mzee, akabisha. Hakuna aliyeitika. Akamwita Ummu Wahabi, wakaingia pamoja. Walimkuta mzee amelala ubavu wa kulia juu ya mkeka, uso umeelekea kibla, roho imekwisha kurejea kwa Mola wake.

Walipomfunika shuka, Ummu Wahabi alitazama huku na huku kutafuta jiko, apate kuwasha moto wa kuchemsha maji ya kumwoshea maiti.

"Raita," alisema polepole, "huyu alikuwa anapika wapi?"

Hapakuwa na mafiga. Hapakuwa na chungu wala masizi ukutani. Palikuwa na mfuko wa tende kavu na mtungi wa maji, na pembeni kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa kitambaa. Raita akakifunua. Kilijaa makaa meusi mazima, baridi, ambayo hayakuacha hata chembe ya jivu. Mwanamke wa jikoni hahitaji kuelezwa: kaa lililotumika huisha likawa jivu, na kaa lililozimwa kwa maji pale pale lilipofika hubaki jeusi, zima. Katika baridi ile yote mzee hakuwa ameota moto wake hata mara moja.

Raita akaketi chini. Akaelewa kwamba Shekhe Nufeli hakuivunja ahadi yake. Hakuomba kitu kwa ajili ya nafsi yake mpaka alipokufa. Na kile alichokitoa, hali akikipenda, kilikuwa jina lake jema.

"Nilimcheka," alisema Ummu Wahabi. "Nilimcheka mbele za watu."

"Na mimi nilimuuliza," alisema Raita, "akanijibu, nami sikusikia."

Kisha akakibeba kikapu mpaka jikoni kwake, akayawasha makaa yale yote. Ndiyo yaliyopasha moto maji ambayo wanaume walimwoshea mzee wao. Inasemekana kwamba mwoshaji alipoyagusa maji alilia, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliomcheka, na Ummu Wahabi alikuwa amekwisha kumweleza.

Raita aliishi miaka mingi baada ya hapo. Huzuni ya Lubaba haikumtoka. Chungu kile cha majivu alikaa nacho mpaka akazikwa. Lakini kila Alasiri aliacha mlango wake wazi na makaa tayari, na walioingia hapo walisema uso wake ulikuwa na utulivu.

Ndugu zangu, aliyefiwa huletewa chakula, naye hukiacha kikachacha. Huletewa maneno, nayo humpita. Wakati mwingine kinachombakisha hai ni mtu kumgongea na kumwambia: nisaidie. Kwa maana mkono unaotoa hupata joto kabla ya mkono unaopokea, na mzee yule alilijua hilo akakubali kukaa na baridi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na asitufikishe siku ambayo jirani atabisha, nasi tusiwe na kaa hata moja.