Malimbuko ya Shimoni

Mgodi ulipokwisha kulitafuna shamba la Bi Nyamizi, meneja wa mgodi alimletea karatasi mbele ya mkaguzi wa serikali.

"Mama, weka dole gumba hapa. Shimo tumelifukia, udongo umerudi, maji ni safi."

"Nitaweka," alijibu Nyamizi, akifunua sahani ya mchicha na kata ya maji. "Ila kwetu, aliyelirudisha shamba ndiye hula malimbuko yake. Karibu, baba."

Meneja aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. "Mimi? Nile sumu ile?"

Mkaguzi akaanza kuandika.

"Sumu tena?" Nyamizi akatafuna taratibu, akashushia maji. "Mchicha huu kanigawia mkeo, kauchuma bustanini kwenu, na maji ni ya bomba lenu. Kule shambani kwangu hata magugu hayajaota."