Sahihi ya Mhandisi

Boila la kiwanda cha kufulia mashuka lilipasuka saa nne asubuhi, likabomoa ukuta na kumuunguza fundi aliyelihudumia kuanzia viganjani hadi mabegani. Vumbi halijatulia, meneja alikwisha kutangaza kwamba fundi alisinzia, maji yakakauka. Maneno hayo yakaenea kama moto nyikani.

Mhandisi aliyetumwa kuchunguza ajali alikuwa mwanamke wa makamo. Wenzake walimwita Bi Nati, kwa kuwa hakuacha kitu kikiwa kimelegea. Alipiga magoti kwenye masizi, akakagua chuma kilichochanika. Hakikuwa na ile rangi ya samawati ambayo chuma hupata kikichomwa bila maji. Kisha akaichukua vali ya usalama, ambayo kazi yake ni kuachia mvuke unapozidi. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Aliisukuma, isijongee hata unywele.

"Maji yalikuwapo," alijisemea.

Alipofungua jalada la ukaguzi, alipekua hadi mwisho. Cheti cha mwisho, cha miezi kumi nyuma, kilisema vali imejaribiwa na ni nzima. Sahihi ilikuwa yake. Aliikumbuka siku ile: meneja alimsihi asisimamishe kazi, naye, akiwa na haraka zake, akatia sahihi bila kuijaribu.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. "Dada yangu, andika maji yalikauka, yaishe. Ukiitaja vali, umejichongea mwenyewe."

"Na fundi?"

"Fundi atapona. Wewe kibarua chako kikiota nyasi, nani atakupa kingine?"

Bi Nati alichukua vali na cheti, akatoka. Alasiri alikwenda hospitali. Fundi alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili, mkewe akimnywesha maji kwa kijiko.

"Nilimwambia meneja mara tatu kwamba vali imekwama," fundi alisema kwa shida. "Kila mara niliandika kwenye daftari la hitilafu. Mama, waambie sikulala."

Kesho yake Bi Nati aliingia kwa mkuu wake, akaweka mezani vali, cheti na maelezo ya kosa lake aliyoyaandika kwa mkono.

Mkuu aliyasoma mara mbili. "Unajua unajipalia makaa?"

"Najua, mzee. Tena uchunguzi huu sistahili kuuendeleza. Mpe mtu ambaye sahihi yake haimo."

Kazi ikakabidhiwa mhandisi mwingine, naye akaikuta vali imekwama vilevile. Wafanyakazi wawili, waliokuwa wamefyata ndimi, walisikia kwamba Bi Nati amejitaja mwenyewe. Wakajitokeza na kueleza jinsi meneja alivyowaamuru kuchana kurasa za daftari siku ya ajali. Fundi alisafishwa jina na kupewa fidia yake. Bi Nati alinyang'anywa leseni kwa miaka miwili.

Alirudi hospitali kuomba radhi. Fundi alimtazama.

"Ungeijaribu siku ile, mikono hii ingekuwa mizima. Siwezi kusema yamekwisha." Akamwonyesha kiti kwa kidevu. "Lakini keti."

Bi Nati aliketi.

Meneja naye, aliyeuficha ubovu hadi ukapasuka mchana kweupe mbele ya kila mtu, alihukumiwa kifungo. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.